Saruji kwenye pingili ya mgongo: Tiba ya saa moja isiyomfaa kila mtu

Kuna watu ambao pingili ya mgongo inapondeka kwa kuinua tu ndoo ya maji, kupiga chafya kwa nguvu au kukaa chini kwa kishindo. Hakuna ajali wala jeraha linaloonekana, ila maumivu ni makali kiasi kwamba hata kugeuka kitandani ni shughuli.

Madaktari wana njia ya kuiimarisha pingili hiyo bila kumpasua mgonjwa. Wanachoma sindano, wanaingiza saruji, na mara nyingi mgonjwa analala kwake siku hiyo hiyo au kesho yake. Inavutia, sio? Shida ni kwamba tafiti hazikubaliani kuhusu faida yake. Haya ndiyo mambo ya kujua kabla ya kusema ndiyo.

Pingili inapondekaje?

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangana kama makopo dukani, moja juu ya nyingine. Mfupa ukiwa dhaifu, pingili inabonyea kwa uzito wa mwili, mara nyingi upande wa mbele, na inabaki na umbo la kabari. Zikibonyea mbili au tatu, mtu anapungua urefu na mgongo unapinda. Nyumbani watu wanasema ni uzee tu, kumbe ni mifupa iliyovunjika bila mtu kupimwa.

Chanzo kikubwa ni osteoporosisi, yaani mifupa kupungua uzito na kuwa na matundu mengi ndani. Wanawake waliokoma hedhi wako kwenye hatari zaidi, kwa sababu homoni ya estrojeni inayolinda mifupa inashuka. Wengine ni wale waliotumia dawa za steroidi kama prednisoloni kwa muda mrefu. Saratani nayo inaweza kudhoofisha pingili, iwe imeanzia kwenye uboho au imesambaa kutoka kwenye titi au tezi dume.

Tiba inafanyikaje?

Aina ya kwanza inaitwa vetebroplasti. Mgonjwa analala kifudifudi, anapigwa ganzi na dawa ya kumtuliza, au analazwa usingizi kabisa. Daktari anapitisha sindano nene mgongoni hadi ndani ya pingili, huku akiitazama kwenye skrini ya eksirei inayoonyesha picha muda wote. Kisha anasukuma mililita chache za saruji ya mifupa, ambayo inakauka ndani ya dakika chache.

Hii sio saruji ya kujengea nyumba. Ni aina ya plastiki ya hospitali, ile ile inayotumika kushikiza nyonga bandia.

Aina ya pili ni kaifoplasti. Hapa daktari anatanguliza kiputo kidogo ndani ya pingili na kukijaza ili kiinue mfupa uliobonyea. Anakitoa, halafu nafasi iliyobaki ndiyo inajazwa saruji. Lengo ni kupunguza maumivu na pia kurudisha sehemu ya urefu wa pingili.

Kwa pingili moja, kazi yote kwa kawaida haizidi saa moja. Kinachobaki mgongoni ni kidonda kidogo cha kufunika kwa plasta.

Ilianzia wapi?

Ilianza mwaka 1984 mjini Amiens, Ufaransa. Madaktari Pierre Galibert na Hervé Deramond walimtibu mgonjwa mwenye uvimbe wa mishipa ya damu ndani ya pingili ya shingo, wakaijaza pingili hiyo saruji, na maumivu yakaisha. Baadaye njia hiyo ikaanza kutumika kwa wazee wenye mifupa dhaifu. Kaifoplasti ilikuja kwenye miaka ya 1990 huko Marekani.

Je, inafanya kazi kweli?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa ndiyo, kwa sababu wagonjwa wengi walisema wamepata nafuu. Mwaka 2009 mambo yakabadilika.

Tafiti mbili zilizochapishwa kwenye jarida la New England Journal of Medicine ziligawa wagonjwa makundi mawili kwa bahati nasibu. Utafiti mmoja ulikuwa na watu 78 na mwingine 131. Kundi moja lilipata saruji, lingine likapata tiba ya kuigiza. Kwenye utafiti wa watu 131, kundi la kuigiza walipigwa ganzi, wakabonyezwa mgongo, na chupa ya kemikali ya saruji ikafunguliwa ili wasikie harufu yake. Lakini saruji yenyewe hawakuwekewa.

Matokeo: makundi yote mawili yalipata nafuu karibu sawa.

Mwaka 2016 utafiti wa Australia wenye wagonjwa 120 ukaja na jibu tofauti. Uliwachukua tu watu wenye maumivu makali ambao pingili zao zilikuwa hazijamaliza wiki 6 tangu zivunjike. Baada ya siku 14, asilimia 44 ya waliowekewa saruji maumivu yalikuwa yameshuka chini ya alama 4 kati ya 10, dhidi ya asilimia 21 ya wale wa kuigiza. Miaka miwili baadaye, utafiti wa Uholanzi wenye watu 180 haukuona tofauti kubwa kati ya makundi hayo.

Kwa hiyo saruji sio tiba ya kumpa kila mtu mwenye pingili iliyopondeka. Mifupa mingi ya aina hii inatulia yenyewe ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa za maumivu, mkanda wa mgongo kwa baadhi ya watu, na mazoezi tiba. Nchini Uingereza, mwongozo wa taifa unaielekeza kwa wenye maumivu makali yanayoendelea licha ya dawa, ambao mfupa wao umevunjika karibuni na haujapona.

Nani asifanyiwe?

Mtu mwenye maambukizi, mwenye damu isiyoganda vizuri, au ambaye pingili yake imeshapona. Kipimo cha MRI husaidia kujua kama mfupa umevunjika karibuni au ni wa zamani.

Afrika Mashariki kuna jambo la kuangaliwa zaidi: kifua kikuu. TB haikai kwenye mapafu tu. Inaweza kushambulia pingili na kuzila mpaka ziporomoke, na ikadhaniwa ni uzee. Pingili ya namna hiyo haiwekwi saruji. Inahitaji dawa za TB, na wakati mwingine upasuaji. Homa za jioni, kutoka jasho usiku na kukonda ni dalili za kumweleza daktari mapema.

Hatari zake ni zipi?

Saruji kuvuja nje ya pingili hutokea mara nyingi, na kwa wengi haileti shida. Mara chache inabana mishipa ya fahamu, au inaingia kwenye damu na kufika kwenye mapafu. Maambukizi na kutokwa damu pia vinawezekana.

Maswali ya kumuuliza daktari

• Pingili imevunjika lini, na kipimo gani kimeonyesha hivyo?
• TB na saratani zimeangaliwa?
• Tumejaribu dawa na mazoezi kwa muda wa kutosha?
• Gharama yote ni kiasi gani, na bima inalipa?

Saruji haitibu mifupa

Hili ndilo wengi wanasahau. Saruji inashika pingili moja tu, zile nyingine zinabaki dhaifu kama zamani. Mtu aliyevunjika pingili moja yuko kwenye hatari kubwa ya kuvunjika nyingine, awe amewekewa saruji au hajawekewa. Anahitaji kupimwa uzito wa mifupa na kuanzishiwa dawa za kuiimarisha, kama alendronati, pamoja na kalsiamu na vitamini D pale daktari anapoona inafaa. Nyumbani, ondoa mikeka inayoteleza, weka taa njia ya chooni, na mwache mzee aache kuinua ndoo.

Na miguu ikianza kuishiwa nguvu, sehemu za siri zikafa ganzi, au mgonjwa akishindwa kuzuia haja, usisubiri kesho. Hiyo ni dharura, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.