Virunga: mlima mmoja, watalii na mashamba

Vita iliporudi Rutshuru mwaka 2022, familia nyingi zililala juu ya mawe meusi ya Kanyaruchinya. Mawe hayo ni lava ya Nyiragongo, mlima ule ule ambao wageni walilipa dola nyingi ili waupande. Tuangalie ardhi yenyewe, tutaelewa vizuri.

Huku kwetu mashariki mwa Kongo ardhi inapasuka polepole. Ni Bonde la Ufa. Moto ulitoka chini ukajenga milima ya Virunga, nayo ikaziba njia ya maji yaliyokuwa yakielekea kaskazini. Ndiyo maana leo ziwa Kivu linamwaga maji yake kusini, kwa mto Ruzizi. Kaskazini, Ruwenzori imenyanyuka hadi mita 5,109 na ina barafu, ingawa iko karibu na ikweta. Kwa hiyo ndani ya mbuga moja mtalii aliweza kuona ngagi msituni, viboko kule Vitshumbi, na ziwa la moto kileleni mwa Nyiragongo.

Wabelgiji waliliona hilo mapema. Mwaka 1925 walianzisha mbuga kwa jina la mfalme wao Albert, kisha wakaipanua. Mwaka 1979 UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia. Lakini majivu ya volkano yanayolisha msitu ndiyo yanayolisha pia viazi na maharagwe. Wakulima walikuwa hapo tayari. Mipaka ilipochorwa wengine walipoteza mashamba, na ugomvi huo haujaisha mpaka leo.

Tusidharau utalii. Mgeni mmoja analisha wengi: dereva anayemtoa Goma, mwenye hoteli, mama anayeuza mboga kwa jikoni ya hoteli, mwongozaji, mpagazi wa Kibati, fundi anayechonga vinyago. Barabara ikikatwa, wote wanakosa siku moja.

Na imekatwa mara nyingi. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa hapa, miti ilikatwa kwa kuni na makala, na UNESCO ikaiweka mbuga kwenye orodha ya hatari. Mwaka 2018 utalii ulifungwa baada ya mlinzi kuuawa na watalii wawili kutekwa. Ulifunguliwa 2019, na 2020 Korona ikaufunga tena. Mwaka 2021 Nyiragongo wenyewe ulilipuka. Kisha vita.

Mlima hauhami; wakaaji wake ndio wanaohama. Amani ikirudi wageni watakuja, kwa maana kilichowavuta bado kipo. Lakini watakaowapokea ni nani? Kazi ya kubeba mizigo, kuongoza, kupika na kuuza mazao ingefaa kuanzia kwa watu wa Kibumba, Rugari na Rutshuru waliofukuzwa kwao. Na mipaka ya mbuga izungumzwe pamoja nao. Pasipo hivyo, mkulima ataendelea kuuona mlima kama mali ya wageni, na msitu utaendelea kuishia kwenye gunia la makala.