Khabari za Boma la Minengani katika Ghuba ya Tungi

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nimeombwa na wazee wa jumuiya niandike katika kitabu hiki khabari za boma la Minengani. Vijana wengi wa Quitunda hulisikia jina hilo likitajwa, wasijue ni kitu gani kilichokuwapo hapo.

Msomaji na alielewe kwanza umbo la ghuba yetu. Mkono wake wa kaskazini ni Rasi Delgado, mkono wa kusini ni Afungi, na ndani, kwenye kitako cha ghuba, ndipo penye Minengani. Katika mwaka 1817 Waingereza na Wareno waliandikiana mkataba uliosema kwamba nchi ya Wareno katika pwani hii yaanzia Rasi Delgado kwenda kusini. Lakini rasi ni ncha tu ya ardhi. Maji yaliyo nyuma ya ncha hiyo ni ya nani? Wareno walisema ni yao. Masultani wa Unguja nao walisema ni yao. Watu wa Tungi, waliokuwa na sultani wao wenyewe, walikuwa baina ya mafahali wawili.

Sayyid wa Unguja hakutosheka na maneno. Aliweka Minengani askari wake na nyumba ya kutozea ushuru, na kwa rai yangu hilo ndilo jambo kubwa katika kisa hiki. Zamani zile aliyepokea ushuru wa bidhaa zipandazo na kushuka katika majahazi ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenye nchi. Tume ya Waingereza, Wafaransa na Wadachi ilipoikagua pwani ya Sultani katika 1885 na 1886, mmoja wao akiwa Kitchener, iliulizia mambo hayo hayo: askari wako wapi, forodha iko wapi, bendera ni ya nani? Mreno hakualikwa katika tume hiyo. Kisha, kwa makubaliano ya Waingereza na Wadachi ya 1 Novemba 1886, mwambao wa Sultani ukatajwa kuwa ni tangu mto Minengani mpaka Kipini, kwa upana wa maili 10 kuingia bara. Hivyo mto wetu mdogo ukaandikwa katika karatasi za Berlin na London, na watu waliokuwa wakichota maji yake hawakuulizwa neno.

Wareno walighadhibika. Tarehe 30 Desemba 1886 walipatana na Wadachi kwamba mpaka baina yao uwe mto Ruvuma, na mapema katika 1887 gavana wao mkuu, Augusto de Castilho, akamtaka Sayyid Barghash bin Said aitoe Tungi. Sayyid alipokataa, Wareno waliikamata marikebu yake iitwayo Kilwa, na katika Februari manowari zao zikapiga mizinga Tungi na Minengani. Huo ndio mwisho wa boma. Sayyid aliwatazamia wale ambao sahihi zao zilikuwa juu ya karatasi. Hawakumrudishia Tungi, naye akafariki katika Machi 1888.

Mpaka wenyewe haukutulia baada ya hapo. Katika 1894 Wadachi waliitwaa Kionga, na mstari ukachorwa mahali ambapo jicho la mtu halioni alama yoyote, kwenye daraja 10 na dakika 40 za kusini. Wareno waliirudia Kionga tarehe 10 Aprili 1916 katika vita vikuu, wakathibitishiwa katika 1919. Mtu aliyezaliwa huko katika 1880 alihesabiwa kuwa wa Sultani, kisha wa Mreno, kisha wa Mdachi, kisha wa Mreno tena, naye hajauhama mnazi wake.

Sasa, boma litafutwe vipi? Asiyejua hutafuta kuta. Nyumba za mawe za pwani hujengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Dari ikianguka, mvua hula kuta, na mawe mazuri huchukuliwa na jirani kujengea kwake au kuchomea chokaa. Kwa hiyo atazamaye na aanze na vitu visivyobebeka: kisima, sakafu ya chokaa chini ya majani, makaburi, mbuyu mkubwa unaosimama peke yake. Akiona kigae cha china asikiokote kukipeleka nyumbani, maana kigae kikiondolewa mahali pake hupoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake.

Lakini ushahidi ulio karibu kupotea zaidi ni majina ya mahali. Quitunda ni mji wa watu waliohamishwa kutoka vijiji vya Afungi kwa sababu ya kazi ya gesi, na jamaa wa kwanza waliingia hapa katika 1919 ukiongeza miaka mia kamili, yaani 2019. Baada ya Palma kushambuliwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu walikimbilia hapa, na wengi wakaendelea hadi Pemba na kwingineko. Wazee wajuao konde hii iliitwaje na kijito kile kiliitwaje wametawanyika, na mtoto aliyezaliwa hapa hajapita njia zile kwa miguu.

Basi kila mwenye mzee nyumbani na amwulize, ayaandike majina kama yatamkwavyo, kwa herufi za Kiarabu au za Kizungu, na kutaja jina la aliyeyasema. Karatasi zipokelewe chuoni baada ya sala ya Ijumaa. Tunayoyataka kwanza ni majina ya visima.