Kisanduku cha kupunguza: prosesa ya sauti ilivyofika Kiamaiko

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na safari hii si uvivu. Binamu yangu amefungua klabu ndogo Kiamaiko, ghorofa ya kwanza, na kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta" katika ukoo wetu, nikapewa kazi ya kumchagulia prosesa ya sauti. Bajeti ilikuwa shilingi 30,000. Mimi huandika programu za malipo, sijawahi kuwa fundi wa muziki. Kwa hiyo nilifanya kile ninachofanya kila nikikutana na mashine nisiyoijua: nikauliza ilianzia wapi.

Kwa wasiopajua, Kiamaiko iko Eastlands, inapakana na Huruma, na jina lake Nairobi linaenda pamoja na nyama ya mbuzi. Mbuzi hutoka kaskazini, huchinjwa mapema, na nyama husambazwa mjini watu wengine wakiwa bado wanapiga miayo. Maana yake ni kwamba majirani wa klabu hii wengi huamka saa tisa usiku kwenda kazini. DJ akipamba moto, wao ndio kwanza wameshika usingizi. Shikilia hapo, tutarudi.

Prosesa hukaa kati ya miksa na amplifaya. Ina kazi nne: kugawa sauti (besi huku, sauti kali kule), kuisawazisha, kuichelewesha, na kuizuia isipite kiwango. Leo zote zinakaa kwenye kisanduku kimoja unachokibeba kwa mkono mmoja. Zamani kila kazi ilikuwa na mashine yake, na kila mashine ina hadithi yake.

Kugawa ndiyo kazi kongwe. Miaka ya 1930 kumbi za sinema za Marekani ziligundua kwamba spika moja haiwezi kunguruma na kunong'ona kwa ustadi uleule. Wakaweka spika kubwa ya chini na pembe ya juu, na katikati koili na kapasita za kugawa sauti. Kifaa hicho tunakiita krosova. Kilikaa baada ya amplifaya, kwa hiyo sehemu ya nguvu uliyoilipia iliishia kuwa joto. Baadaye mafundi waliihamishia mbele ya amplifaya, kila spika ikapata amplifaya yake. Hesabu nazo ziliendelea. Mwaka 1930 Mwingereza Stephen Butterworth alichapisha kanuni ya filta ambayo bado ina jina lake. Mwaka 1976 Siegfried Linkwitz, mhandisi wa Hewlett-Packard, alitoa makala kuhusu tatizo lililokuwa linasumbua: pale besi na sauti ya juu zinapokutana, zinajumlika vibaya. Jibu alilolifikia na mwenzake Russ Riley ni kuzishusha zote mbili desibeli 6 pale zinapokutana, ili zikijumlishwa zirudi sawasawa. Ukifungua prosesa yoyote leo ukaona "LR24", ni majina ya wazee hao wawili, na 24 ni desibeli zinazokatwa kwa kila oktava.

Kuchelewesha nako kulianza kwa tatizo la kawaida kabisa. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Spika ya nyuma ya ukumbi ikiwa mita 10 kutoka ile ya mbele, msikilizaji wa nyuma anapata muziki mara mbili, zikipishana karibu milisekunde 29. Mwaka 1971 kampuni ya Lexicon ya Marekani ilitoa Delta T-101, mashine iliyogeuza sauti kuwa namba, ikazishikilia kidogo, kisha ikazitoa. Hapo ndipo kompyuta ilipoanza kupenya kwenye ukumbi wa muziki, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusubiri.

Disko ndizo zilizoionyesha dunia mashine hizi zinaweza nini. Paradise Garage ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1977 na kufungwa 1987, ilikuwa na mitambo ya Richard Long, na DJ Larry Levan alichezesha krosova kama mpiga ngoma anavyochezesha mikono. Nairobi ilikuwa na Florida yake pale Koinange Street, juu ya kituo cha petroli. Lakini kuwa na mitambo ya aina ya Long kulitaka makabati yaliyojaa mashine na fundi wa kuzilea. Klabu ya mtaani iliendelea na amplifaya, spika na maombi.

Kilichobadilisha bei ni chipu. Mwaka 1978 Texas Instruments walitoa Speak & Spell, mchezo wa kufundisha watoto tahajia, na ndani yake chipu iliyozungumza kwa hesabu. Mwaka 1983 wakaanza kuuza TMS32010, chipu ya kuchakata mawimbi ambayo yeyote angeweza kuipangia programu. Mwaka 1986 Motorola wakaja na familia ya 56000, yenye namba za biti 24. Kila biti ni kama desibeli 6, kwa hiyo biti 24 ni kama desibeli 144, nafasi inayozidi kile sikio linachoweza kustahimili. Miaka ya 1990 BSS ya Uingereza walikuwa na Omnidrive, kazi zote nne katika sanduku moja, kwa bei ya makampuni ya matamasha. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaja DriveRack PA ya dbx na DCX2496 ya Behringer, na hapo mwenye klabu ndogo akaingia kwenye mazungumzo. Baada yake, chipu kama ADAU1701 ya Analog Devices ikawekwa kwenye bodi ndogo za njia mbili kuingia na nne kutoka, zisizo na hata kasha.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonifurahisha kama mwandika programu. Ndani ya mashine hizi zote, filta ni mstari mmoja:

y = b0·x + b1·x1 + b2·x2 − a1·y1 − a2·y2

Kuzidisha mara tano na kujumlisha. Ndiyo hiyo tu. Namna ya kupata hizo namba tano ilielezwa na Robert Bristow-Johnson katika maandishi aliyoyatoa bure kwenye intaneti, na mwaka 2021 W3C wakayachapisha kama waraka wao. Kivinjari unachosomea ukurasa huu kina filta hizohizo. Prosesa ya bei ghali na ya bei nafuu zinafanya hesabu ileile.

Nikatoa hitimisho la kijinga: basi ninunue bodi ya bei nafuu kabisa. Nikainunua, nikaipangia krosova safi, tukajaribu Alhamisi. Ilipendeza mno. Kisha stima ikapotea. Iliporudi, amplifaya ziliamka kabla ya bodi, na bodi ilipoamka ikatoa mshindo mmoja, "paa!", ulioingia moja kwa moja kwenye twita. Twita mbili zikaungua.

Kosa lilikuwa langu, si la bodi. Ile kapasita ya miaka ya 1930, iliyokaa mbele ya twita, ilikuwa pia mlinzi: haipitishi mshindo wa chini. Nilipoihamishia krosova kwenye programu, nilimfukuza mlinzi bila kujua ana kazi ya pili. Kila aliyewahi kufuta mstari wa msimbo "usio na kazi" ananielewa. Nilirudisha kapasita kwenye kila twita, nikaweka kifaa cha kuchelewesha amplifaya ziwake mwisho, na badala ya bodi nikatafuta prosesa ya mtumba yenye kasha, soketi za XLR na njia sita za kutoka. Bajeti ilipita. Twita nimelipa mwenyewe.

Ijumaa mbili baadaye mzee mmoja muuza mbuzi, anayeishi ukuta mmoja na klabu, alitupata mlangoni.

"Kijana," akaniambia, "wimbo siusikii. Kinachonisumbua ni hicho cha chini. Kinatikisa kitanda."

"Pole, mzee. Twende unionyeshe."

Niliingia chumbani mwake, nikaweka mkono kwenye ukuta. Alikuwa na haki. Wimbi la Hz 50 lina urefu wa karibu mita 7. Ukuta wa mawe huzuia sauti za juu vizuri, lakini besi hupenya. Kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira, zinaruhusu desibeli 55 mchana na 35 usiku katika mitaa yenye makazi na burudani pamoja, na usiku huanza saa mbili na dakika moja. Desemba 2022 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza kufuta leseni za klabu zilizo kwenye makazi. Binamu ameweka akiba yake yote pale. Na mzee anaamka saa tisa.

Usiku ule nilikaa na prosesa hadi karibu alfajiri. Nilikata kila kitu chini ya Hz 45, kwa LR24. Nilishusha besi desibeli 6 kuanzia saa nne usiku. Nilipima mrudiko wa ukumbi, nikakuta Hz 63 imevimba kwenye kona, nikaipunguza. Mwisho nikaweka limita na kuifunga kwa nywila ambayo DJ hana. Chumbani kwa mzee, kwa simu ambayo si kipimo cha mahakamani, tulitoka desibeli 61 hadi 49. Hatukufika 35, na prosesa peke yake haitatufikisha. Binamu ameanza kuweka akiba ya ukuta wa ndani. Mzee anasema kitanda kimetulia, lakini usingizi bado ni wa mang'amung'amu.

Kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo na unataka kununua, ushauri wangu ni huu:

1. Hesabu njia za kutoka kwanza. Nne ni kidogo ukiwa na besi, kati na twita, kulia na kushoto.
2. Hakikisha limita inakaa kwenye kila njia ya kutoka, na inafungika kwa nywila.
3. Zima na uwashe umeme mara kumi kabla ya kulipa. Sikiliza mshindo.
4. Usilipie biti nyingi. Lipia soketi imara na pawa nzuri.
5. Weka kando fedha ya maikrofoni ya kupimia. Programu ya kupimia, Room EQ Wizard, ni bure.

Nilidhani nanunua mashine ya kuongeza muziki. Ukiitazama historia yake, kuanzia koili za sinema hadi limita, karibu kila kazi yake ni kukata, kushusha, kusubirisha au kuzuia. Amplifaya ndiyo ya kuongeza, na Luthuli Avenue zimejaa tele. Hii nyingine ni ya kujizuia, na klabu ya mtaani inaihitaji kuliko ukumbi mkubwa, kwa sababu jirani yake yuko karibu zaidi.

Wiki ijayo tunarudi kwenye programu za malipo. Alamsiki.