Adapta za pedali za gitaa: Mambo ya kuangalia kabla ya kupeleka mzigo Pundanhar

Mfanyabiashara anayenunua adapta za volti 9 Kariakoo au Mtwara kwa ajili ya wapiga gitaa wa ng'ambo ya mto Ruvuma anashauriwa kuangalia mchoro mdogo ulio kwenye lebo kabla hajauliza bei. Mchoro huo unaonyesha nukta ya katikati imeunganishwa na alama gani: chanya au hasi. Akikosea hapo, katoni nzima inaweza kumdodea, na pedali ya mteja ikaungua siku ya kwanza.

Pundanhar ni makao ya tarafa katika wilaya ya Palma, jimbo la Cabo Delgado, kwenye barabara inayokwenda Nangade. Kurudisha bidhaa mbovu kutoka huko hadi Dar es Salaam si jambo la kufanyia hesabu. Aidha, jimbo hilo limekuwa na mashambulizi ya wapiganaji tangu Oktoba 2017, na mji wa Palma wenyewe ulivamiwa Machi 2021, hivyo msafirishaji hulazimika kuulizia hali ya njia kila safari. Bidhaa iwe sahihi tangu dukani.

Katikati hasi

Pedali ni kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachobadilisha sauti ya gitaa: kukwaruza, kurudisha mwangwi au kuitetemesha. Nyingi, zikiwemo za Boss na Ibanez, hutumia volti 9 za DC, na tundu lake lina hasi katikati na chanya nje. Tatizo ni kwamba adapta nyingi zinazouzwa kwa ajili ya ruta za intaneti na vifaa vingine vidogo zina chanya katikati. Pini inaingia vizuri kabisa, kwa kuwa zote zina milimita 5.5 nje na 2.1 ndani, na muuzaji ataapa kuwa "ni ile ile". Siyo ile ile. Hata adapta za vinanda vya Yamaha vya PSR, ambazo bendi nyingi wanazo, mara nyingi ni za volti 12 na chanya iko katikati.

Namna ya kupima ni rahisi. Chomeka adapta kwenye umeme, weka mita kwenye DC, waya mwekundu uguse ndani ya pini na mweusi uguse nje. Kwa pedali, mita inatakiwa ionyeshe alama ya kutoa mbele ya namba. Pima japo moja katika kila katoni. Baadhi ya adapta za kawaida zisizodhibitiwa volti zitasoma 12 au zaidi zikiwa hazina mzigo, ingawa zimeandikwa 9, hizo ziachwe. Ni kweli pedali za zamani za Boss zenye maandishi ACA zilitengenezwa kwa adapta za namna hiyo, lakini za sasa huandikwa PSA na zinataka volti 9 kamili.

Adapta iliyoandikwa AC upande wa kutoa umeme nayo isichanganywe na hizi. Pedali ya mwangwi ya Line 6 DL4 ya zamani ilitumia volti 9 za AC, na adapta yake huonekana sokoni kwenye mitumba. Ukiichomeka kwenye pedali ya DC, fundi ndiye atakayekula.

Miliampea

Hapa wengi huogopa bure. Namba ya miliampea kwenye adapta ni uwezo wake wa juu. Pedali huchukua inachohitaji tu, kwa hiyo adapta ya miliampea 1,000 haiwezi kuunguza pedali ya miliampea 10 kama volti ni sahihi. Cha kuogopa ni adapta ndogo kuliko mzigo.

Pedali ya kukwaruza sauti kama Boss DS-1 hutumia chini ya miliampea 10. Ya mwangwi ya kidijitali hufika 50 hadi 70. Mashine ya efekti nyingi kama za Zoom huja na adapta ya miliampea 500. Mpiga gitaa mwenye vyote vitatu anahitaji karibu 600, na adapta ya 1,000 inamtosha akitumia waya wenye matawi unaogawa umeme kwa pedali kadhaa. Waya huo ndio njia ya bei nafuu kuliko zote. Kasoro yake ni kuwa pedali za kidijitali zikichangia laini moja na zile za kawaida huweza kuleta mluzi kwenye spika. Dawa ni kisanduku chenye matundu yaliyotenganishwa kila moja na mwenzake, lakini bei yake ni kubwa mno kwa soko hili. Mteja auziwe adapta mbili ndogo, moja ya pedali za kidijitali na nyingine ya zilizobaki. Mluzi mara nyingi hupungua au kuisha.

Umeme wenyewe

Msumbiji hutumia volti 220 na soketi za matundu ya duara, wakati Tanzania hutumia plagi ya pini tatu bapa. Adapta iliyoandikwa 100-240V inafaa pande zote, ila iongezewe kichwa cha kubadilishia pini. Iliyoandikwa AC100V peke yake imetoka Japani. Itaungua ikichomekwa moja kwa moja.

Hata hivyo, mnunuzi wa vijijini mara nyingi hupiga muziki kwa jenereta au betri ya sola, na kwake adapta ya ukutani si jibu la kwanza. Betri ndogo ya volti 12 yenye 7Ah, ikiwa na kipunguza volti kilichorekebishwa kutoa 9, inaweza kulisha mzigo wa miliampea 600 kwa takriban saa sita bila kuchota zaidi ya nusu ya betri. Fundi redio anaweza kukitengeneza kwa IC ya 7809, mradi aifunge kwenye kipande cha alumini kwa sababu inapata moto. Asithubutu kuunga pedali moja kwa moja kwenye betri: inapochajiwa na sola hufika volti 14 na ushee. Fyuzi ya ampea 1 iwekwe karibu na betri.

Waya za kupandisha volti kutoka pawabenki nazo zipo sokoni kwa bei ndogo, lakini nyingi ni za ruta, yaani chanya katikati. Tena pawabenki nyingi hujizima zenyewe zikiona mzigo ni mdogo, na pedali moja ya miliampea 10 ni mzigo mdogo. Zinafaa kwa mwenye pedali kadhaa.

Betri za mraba za volti 9 bado zina soko. Ya alkalini ina takriban 500mAh: kwenye pedali ya mwangwi haimalizi saa nane, kwenye ya kukwaruza inadumu siku nyingi. Mteja aambiwe achomoe waya wa gitaa akimaliza, maana pedali huendelea kula betri waya ukiwa umechomekwa kwenye tundu la kuingizia sauti, hata taa ikiwa imezimwa.

Mpakani, bidhaa iliyotengenezwa China haipati nafuu ya ushuru ya SADC kwa kuwa tu imenunuliwa Tanzania. Nafuu hiyo hufuata asili ya bidhaa. Kodi ya IVA ya Msumbiji ni asilimia 16 tangu Januari 2023, ilikuwa 17.

Kwa msafirishaji, betri za volti 9 zina vichwa viwili vilivyokaribiana upande mmoja. Zikimwagwa kwenye gunia pamoja na misumari au sarafu huweza kugusana, kupata moto na kuunguza mzigo. Ziachwe kwenye pakiti zake, au kila kichwa kifungwe kwa selotepu. Betri za maji zisimame wima na zisiwekwe juu ya nguo.