Azimio la Wunlit: Amani ya Wadinka na Wanuer iliyoitangulia Machakos

Kila inapotajwa amani ya Sudan, wenyeji wa Ukambani hawakosi la kujivunia. Mkataba uliofungua njia ya kumaliza vita vilivyoanza mwaka 1983 ulitiwa sahihi mjini Machakos mnamo Julai 20, 2002, jirani na Makueni, ambayo yenyewe ilimegwa kutoka wilaya ya Machakos mwaka 1992. Aidha, mzaliwa wa Tseikuru, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Kitui, Bw Kalonzo Musyoka, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya mara mbili wakati wa juhudi hizo: kati ya 1993 na 1998, na tena 2003 hadi 2004.

Lisilotajwa sana ni kwamba kabla ya serikali ya Khartoum na waasi wa SPLM kuketi Machakos, watu wa kusini mwa Sudan walilazimika kwanza kupatana wao kwa wao. Mapatano hayo hayakufanyika hotelini wala hayakuongozwa na mabalozi. Yalifanyika katika kijiji kiitwacho Wunlit, eneo la Bahr el Ghazal, mapema mwaka 1999.

Uhasama wenyewe ulitokana na mgawanyiko wa viongozi. Mnamo Agosti 28, 1991, makamanda Riek Machar, Lam Akol na Gordon Kong walitangaza mjini Nasir kwamba wamempindua Kanali John Garang katika uongozi wa SPLA. Mapinduzi hayo hayakufaulu, lakini jeshi lilivunjika vipande viwili. Garang alikuwa Mdinka na Machar ni Mnuer, na haikuchukua muda mzozo wa makamanda ukageuka kuwa wa makabila. Novemba mwaka huo, wapiganaji wa upande wa Machar waliivamia Bor, nyumbani kwa Garang. Shirika la Amnesty International lilikadiria kwamba watu wapatao 2,000 waliuawa.

Wadinka na Wanuer walikuwa wakinyang'anyana ng'ombe tangu enzi za mababu, ila kwa mikuki na kwa miiko iliyojulikana. Wanawake, watoto na wazee hawakuguswa kiholela, na damu iliyomwagika ililipiwa kwa mifugo. Bunduki ya AK-47 na amri za makamanda zilivunja miiko hiyo. Visima na malisho ya mpakani yakahamwa, vijiji vikachomwa, na wanawake na watoto wakatekwa kwa wingi pande zote mbili.

Viongozi walijaribu kupatanishwa bila mafanikio. Oktoba 1993 Garang na Machar walikutanishwa jijini Washington, wakakubaliana mambo kadhaa, lakini hati ya pamoja haikutiwa sahihi. Mwaka uliofuata jumuiya ya IGADD, kama ilivyoitwa wakati huo, ilitoa Azimio la Kanuni ambalo makundi yote mawili ya kusini yaliliunga mkono na Khartoum ikalikataa hadi 1997. Aprili 1997 Machar akabadili mkondo kabisa na kutia sahihi mkataba wake na serikali ya Khartoum. Kila hati ilikuwa na maneno mazuri. Hakuna iliyomrudishia mchungaji ng'ombe wake.

Hapo ndipo Baraza la Makanisa la Sudan Mpya, lililokuwa na ofisi zake Nairobi, lilipobadili mbinu. Badala ya kuwafuata majenerali, liliwaendea machifu. Juni 1998 machifu wa Kidinka na Kinuer walikutanishwa Lokichoggio, Turkana, kwenye ardhi ya Kenya ambako hakuna upande uliokuwa na jeshi. Walikubaliana kukutana tena nyumbani. Mapema 1999 machifu wa Kinuer walizuru Thiet kwa Wadinka, na wale wa Kidinka wakazuru Leer kwa Wanuer. Lengo la ziara hizo lilikuwa moja: kuonyesha kwamba mtu anaweza kuvuka mpaka na kurudi akiwa hai.

Mkutano wa Wunlit ulianza Februari 27. Wenyeji walikuwa wamejenga kijiji kipya cha vibanda vya nyasi kwa ajili ya wageni. Salva Kiir, wakati huo naibu wa Garang, alihudhuria, na wapiganaji wa SPLA wakalinda usalama. Kwanza alichinjwa fahali mweupe aitwaye Mabior (ndilo jina ambalo Wadinka huwapa mafahali wa rangi hiyo, na ndilo pia jina la babake Garang), huku wazee wa mila wakimlaani yeyote ambaye angevunja amani hiyo. Wasomaji wa Kitui na Makueni wataelewa uzito wa jambo hilo bila maelezo marefu. Katika jamii inayojua kiapo cha kithitu, ambacho mwongo huaminika kufuatwa na mauti yeye au jamaa zake, laana ya fahali si mchezo wa kuigiza. Sahihi hufutika, lakini kiapo humfuata mtu hadi kwenye boma lake.

Kisha watu walisema. Kila upande ulipewa muda mrefu wa kueleza mabaya uliyotendewa, na upande wa pili ukaketi kusikiliza kabla ya kujibu. Machifu walitaja majina ya waliouawa, idadi ya ng'ombe waliochukuliwa, na watoto ambao hawakujulikana waliko. Baadaye wakagawanyika katika kamati. Mojawapo ilishughulikia suala gumu kuliko yote, la wanawake waliotekwa ambao tayari walikuwa wameolewa na kuzaa upande wa pili. Je, warudishwe, au ndoa zihalalishwe kwa mahari? Huo si utata ambao wanasiasa wangeufikiria.

Azimio lilitiwa sahihi na wajumbe zaidi ya 300. Lilisimamisha vita kati ya Wadinka na Wanuer wa ukingo wa magharibi wa Mto Nile, likasamehe makosa yaliyotendwa kabla ya Januari 1, 1999, likaagiza waliotekwa warudishwe, na likafungua malisho, maji na maeneo ya uvuvi kwa wote. Pia lilitaka kuwepo polisi wa mpakani na njia za mawasiliano, ili mwizi mmoja wa ng'ombe asiwashe vita vya jamii mbili. Ni kipengele ambacho wafugaji na wakulima wa mpaka wa Kitui na Tana River wangekielewa mara moja, maana huko nako kiangazi kikali huleta mifugo kwenye mashamba na visima vya watu.

Mtihani ulikuja upesi. Mwaka huo huo wa 1999 mapigano yalipamba moto katika maeneo ya mafuta ya Wanuer, na bomba la kupeleka mafuta Bahari ya Shamu likafunguliwa Agosti. Familia za Wanuer zilizotimuliwa zilikimbilia kwa Wadinka, adui wa jana, nazo zikapokewa.

Mikutano mingine ilifuata: Waat Novemba 1999, Liliir Mei 2000, na Kisumu Juni 2001. Kwa maoni ya mwandishi huyu hakuna uliofikia uzito wa Wunlit, na wa Kisumu ulidhoofishwa na SPLM, ambayo haikutaka kanisa liwe na usemi katika siasa. Machar naye aliachana na Khartoum mwanzoni mwa 2000, na Januari 2002 akapatana na Garang jijini Nairobi. Miezi sita baadaye Machakos ikawezekana.

Hati ya Machakos, iliyosimamiwa na Jenerali Lazaro Sumbeiywo, iliwapa watu wa kusini kura ya maoni baada ya miaka sita. Ilizungumzia dola na dini. Haikuwataja Wadinka wala Wanuer, na hata mkataba mkuu uliotiwa sahihi Nairobi mnamo Januari 9, 2005 haukuweka utaratibu wowote wa kuendeleza kazi ya machifu. Msamaha wa Wunlit uliwahusu watekaji na wezi wa mifugo. Makamanda waliowatuma hawakuwahi kuketi mbele ya fahali.

Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 9, 2011. Agosti mwaka huo Machar aliomba radhi kwa mauaji ya Bor. Desemba 15, 2013 askari wa Rais Kiir na wa Machar walianza kupigana Juba, Wanuer wakauawa mitaani, na siku chache baadaye Bor ikashambuliwa tena. Mkataba wa 2015 ulivunjika mwaka uliofuata, ukafuatwa na mwingine wa Septemba 2018. Mei 2024 Jenerali Sumbeiywo aliitwa tena kusimamia mazungumzo ya Tumaini jijini Nairobi na makundi yaliyokuwa nje ya mkataba huo. Chama cha Machar kilijiondoa Julai, na Machi 2025 yeye mwenyewe akawekwa kizuizini nyumbani kwake Juba.