Jaji Carter, mchora mipaka

Hukumu za Jaji Morris Carter leo zinakumbukwa na wanasheria wachache. Jina alilipata nje ya mahakama, kwenye viti vya uenyekiti wa kamati na tume za ardhi.

Akiwa Uganda, ambako alipanda hadi kuwa Jaji Mkuu, aliongoza kamati iliyotaka Waafrika watengewe sehemu zao, nyingine ziachiwe mashamba ya Wazungu. London ikakataa. Mwaka 1920 alihamia Tanganyika kwa cheo kilekile. Kisha Southern Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ikamwita, na huko neno lake likapita: tume yake ya 1925 ndiyo iliyozaa sheria ya 1930 ya kugawa ardhi, iliyowapa walowezi, wachache walivyokuwa, karibu nusu ya nchi.

Kenya ilimpata 1932, aongoze tume yake ya ardhi. Mahakama ilikwisha kuwaambia Wakikuyu, katika kesi ya 1921, kwamba wao ni wapangaji tu wa Mfalme. Katika tume hiyo Carter alikaa na wenzake wawili: Hemsted, mkuu wa mkoa mstaafu, na Wilson, mlowezi mwenye shamba. Mwafrika hakuwemo. Wazee wa Kikuyu walifika hata hivyo, kila mbari na madai yake, wakieleza mbuzi waliowalipa Wadorobo, wawindaji wa misituni, ili wapate githaka, yaani ardhi ya ukoo. Jomo Kenyatta, msemaji wa Wakikuyu, alitoa ushahidi wake London.

Ripoti ya 1934 ilikiri kwamba Wakikuyu walinyang'anywa ardhi, ikapendekeza wafidiwe. Hapo ndipo penye mtego: wakishafidiwa, haki zao zote nje ya rizavu, maeneo waliyotengewa, zifutwe. Mwaka 1939 mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu, eneo lililotengewa walowezi, ikathibitishwa kisheria. Kwa maoni yangu, walowezi peke yao wasingeweza kupata hati tamu kiasi hicho. Walihitaji sahihi ya jaji.

Katazame Tigoni, karibu na Limuru, ambako Waafrika walizungukwa na mashamba ya walowezi. Tume ilitaka wahamishwe. Chifu Luka Wakahangara akakubali kubadilishiwa na Lari, ardhi ambayo nayo ilikuwa na wadai wake. Waliokataa wakafukuzwa. Usiku wa 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau, walioasi utawala wa kikoloni, waliivamia Lari, wakamuua Luka na makumi ya watu, wengi wao wanawake na watoto. Usiku huohuo askari na walinzi wa serikali wakaanza kuua kwa kulipiza kisasi.