Hisabati KCSE: Jibu likikosewa, alama hazipotei zote

Mtahiniwa wa KCSE nchini Kenya akikosa jibu la mwisho la Hisabati, asikate tamaa. Msahihishaji hutafuta njia kwanza. Kwenye mwongozo wake, alama ya M ni ya njia, A ni ya usahihi wa jibu.

Chukua pembetatu mraba yenye pande fupi za sentimita 6 na 8. Aliyeandika √(36 + 64), akajumlisha vibaya na kupata √110, yaani kama 10.5, anapewa M na kukosa A. Aliyeandika 10.5 tu bila kuonyesha hatua? Sufuri.

Tena karatasi haisahihishwi na mtu mmoja. Kila msahihishaji hushika maswali yake tu, kwa hiyo aliyevurunda swali la 1 hafiki la 20 akiwa tayari ameshahukumiwa.